Mmea wa Makaburini

Chupa yangu ya kwanza iliganda. Niliikuta asubuhi juu ya meza palepale nilipoiacha usiku, lakini zile tabaka mbili za kimiminika nilizozitarajia hazikuwamo. Kulikuwa na kitu kizito cheupe-njano, mfano wa uji wa ngano uliosahaulika sufuriani. Nikaigeuza chupa kichwa chini. Halikudondoka hata tone. Nilikusudia kupika dizeli, nikapika sabuni.

Mafuta yalikuwa ya mbono kaburi. Niliyakamua mwenyewe kwa ile mashine ya mkono yenye wenzo mrefu, iliyobuniwa Arusha miaka ya 1980 kwa ajili ya wakamuaji wadogo wa alizeti. Mbegu zilitoka katika gunia lililokaa stoo msimu mzima chini ya bati linalovuja, na muuzaji alinipunguzia bei bila mimi kumwomba. Hapo ningeshtuka, lakini mwenye hamu ya kujaribu hasikii.

Ili kueleza kilichotokea, nichukue ufagio wa chelewa. Mafuta yoyote ya mbegu, yawe ya alizeti, nazi au mbono, yameundwa kwa vifagio vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, na kila kifagio kina chelewa tatu tu. Fundo linaloshika chelewa hizo ni glisirini. Chelewa zenyewe ni asidi za mafuta, ndefu na nyororo. Kifagio kizima ni kitu kizito kinachojikokota: kwa joto la nyuzi 40, mafuta ya mbegu huwa mazito kuliko dizeli mara kumi hivi. Ukiyatia vivyo hivyo katika injini ya kisasa, bomba zake za kunyunyizia mafuta hazitaweza kuyasaga yawe ukungu. Yataingia kama matone, yataungua nusunusu, na masizi yatajazana mpaka injini ikohoe kama mzee wa kiko.

Kutengeneza biodizeli ni kufungua lile fundo. Unachukua methanoli, kama mililita 200 kwa kila lita moja ya mafuta, unayeyushia humo gramu chache za kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, kisha unachanganya na mafuta yaliyopashwa moto hadi nyuzi 55 au 60. Usizidishe hapo, kwa sababu methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 hivi. Kostiki inalegeza fundo, kila chelewa inaondoka na kipande kidogo cha methanoli kilichoshikamana na kichwa chake, na glisirini iliyoachwa peke yake inazama chini. Chelewa zilizotengana ni nyepesi, zinapita bombani karibu kama dizeli ya kituoni. Hiyo ndiyo biodizeli, na hesabu yake haina miujiza: mafuta kilo 100 na methanoli kilo 11 hivi hutoa biodizeli kilo 100 na glisirini kilo 10 au 11.

Shida ni chelewa zilizochomoka zenyewe kabla hujaanza kazi. Mbegu ikilowa, ikaota ukungu, ikakaa muda mrefu, mafundo hulegea na asidi hubaki huru ndani ya mafuta. Asidi huru haingoji methanoli. Inaidaka kostiki, na mwana wa ndoa hiyo ni sabuni. Sabuni nayo hushika maji na glisirini, ikakataa kuviachia, na asubuhi unakuta uji wa ngano.

Lipo jaribio la kuligundua jambo hili mapema, na vifaa vyake karibu vyote vipo jikoni. Kila mama anajua kwamba doa la mchuzi wa manjano kwenye kanzu nyeupe likiguswa na sabuni hugeuka jekundu. Manjano hutambua magadi. Basi unaloweka manjano kwenye spiriti, unatia matone machache katika mililita 1 ya mafuta iliyoyeyushwa kwa mililita 10 za spiriti, kisha unadondoshea maji ya kostiki, gramu 1 kwa lita, huku ukihesabu mililita, mpaka rangi igeuke. Mafuta mazuri hugeuka baada ya mililita moja au mbili. Yangu yalitaka mililita 12. Maana yake karibu asilimia 9 ya mafuta yale ilikuwa asidi huru, ilhali ikipita asilimia 1 au 2 njia ya kostiki peke yake huanza kukwama. Nililifanya jaribio hilo baada ya chupa kuganda, si kabla.

Mara ya pili nilianza na asidi ya salfuriki. Matone yake machache pamoja na methanoli, kwenye joto, hugeuza zile asidi huru kuwa biodizeli na maji, taratibu, kwa saa kadhaa. Ukiisha kuyaondoa maji hayo ndipo kostiki inaitwa. Safari hii glisirini ilianza kushuka mbele ya macho yangu ndani ya robo saa, nyeusi-kahawia kama asali ya nyuki wadogo, na juu yake kikabaki kitu chembamba cha rangi ya chai ya rangi. Nikakiosha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, taratibu, bila kutikisa kwa nguvu, kisha nikakipasha moto mpaka kikaacha kuwa na ukungu. Kipimo cha mwisho ni kutia mililita 3 za biodizeli katika mililita 27 za methanoli: vifagio visivyofunguka havielei wala haviyeyuki, huketi chini ya glasi. Glasi yangu ilikuwa safi.

Methanoli si kitu cha kuchezea. Hupenya ngozi, mvuke wake hushika moto, na ndiyo ileile ambayo wapika pombe haramu huichanganya na watu wakaamka vipofu, wengine wasiamke. Kazi hii hufanywa nje, upepo ukivuma, watoto wakiwa mbali. Tena methanoli ya viwandani hutengenezwa zaidi kwa gesi asilia au makaa ya mawe, kwa hiyo anayesema biodizeli yake ni ya mimea mitupu amesahau mililita 200 katika kila lita.

Kuendesha injini kwa mafuta ya mbegu ni jambo la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini moja ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na watazamaji wengi hawakutambua tofauti. Rudolf Diesel mwenyewe aliandika mwaka 1912 kwamba wazo hilo lilitoka kwa serikali ya Ufaransa, iliyotaka kujua kama makoloni yake ya Afrika yangeweza kuendesha mashine kwa zao linalostawi hukohuko. Agosti 1937 huko Ubelgiji, G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipewa hataza ya kugeuza mafuta ya mawese kutoka Kongo kwa kutumia ethanoli, na mwaka 1938 basi la abiria lilipita kati ya Brussels na Louvain likitumia mafuta hayo. Abiria hao wa Ubelgiji walisukumwa na mboga ya watu wa Kongo. Hiyo ndiyo hoja iliyokuja kuubeba mbono kaburi miaka sabini baadaye: tusichome chakula, tuchome kisicholiwa.

Na mbono kaburi hauliwi. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Wareno waliusambaza kupitia visiwa vya Cape Verde, na katika karne ya 19 mbegu kutoka visiwa hivyo zilipelekwa Ulaya kwa sabuni na taa. Kwetu ulikuta kazi mbili, uzio na alama ya kaburi. Unakata fimbo, unaichomeka ardhini, inachipua. Mbuzi anaunusa na kupita. Jua la miezi sita linaukausha majani, mvua ya kwanza inayarudisha. Mti wa namna hiyo unafaa kukaa pale ambapo watu wanataka kukumbuka bila kumwagilia. Mtoto aliyeokota mbegu zake tamu-tamu akazitafuna hutapika na kuharisha mpaka alazwe. Mashudu yake hayafai hata kwa ng'ombe, ila yarudishwe shambani kama mbolea. (Msomaji aangalie jina: sehemu nyingine mbono ni mbarika, yaani nyonyo, na huo ni mmea mwingine kabisa, wenye sumu yake. Nitaurudia.)

Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulijiwekea lengo kwamba kufikia 2010 asilimia 5.75 ya mafuta ya usafiri yawe yanatokana na viumbe hai. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilipita dola 145. Katikati ya tarehe hizo mbono ukawa nyota. Ungesikia mkutanoni kwamba unastawi kwenye mawe, haudai mbolea, wala haugombani na mahindi, na kwamba hekta moja itatoa tani tano na kuendelea. Tarehe 30 Desemba 2008 ndege ya Air New Zealand aina ya Boeing 747 iliruka kutoka Auckland, moja ya injini zake nne ikitumia mchanganyiko wa nusu kwa nusu na mafuta ya mbono. Baadhi ya mbegu zilikuwa zimetoka Tanzania, Malawi na Msumbiji. Njia iliyotumika kusafisha mafuta yale si hii ya methanoli, lakini siku ile nani aliuliza?

Walichokosea waliousifu mbono ni neno moja. Walisikia kwamba mbono haufi, wakaelewa kwamba unazaa. Mwenye kaburi hakuwa na haja ya tunda, alitaka ule mti ukae. Jangwani mbono hukaa kweli, ukiwa umedondosha majani yote, ukijitunza. Kuunda mbegu yenye theluthi moja ya mafuta ni kazi nyingine, inayotaka maji na udongo wenye rutuba kama zao lolote. Ukiupa udongo mbaya unakupa mavuno mabaya, na ukiupa udongo mzuri umechukua shamba la mahindi. Mwishowe mashamba mengi ya maeneo makavu hayakufikia hata tani moja kwa hekta. Na sumu iliyomfukuza mbuzi haikumtisha mdudu: vijidudu vinavyorukaruka viliyatoboa majani kama chekeche.

Tuiweke tani hiyo moja barabarani. Kwa mashine ndogo, lita moja hutaka kilo nne au tano za mbegu, kwa hiyo hekta nzima inakupa lita 200, ukibahatika 250. Lori la mizigo linalokunywa lita 40 kwa kila kilomita 100 litatoka nazo Dar es Salaam, litafika Dodoma, na dereva atakuwa na akiba kidogo ya kutafuta maegesho. Mwaka mzima wa hekta moja, safari moja, bila kurudi.

Halafu kuna mkono wa mchumaji. Shika tawi la mbono mwezi wa kuvuna: katika kichala kimoja utakuta tunda bichi, tunda la njano, na tunda jeusi lililokauka, yote yakiwa yamebanana kama abiria wa daladala. Mashine haiwezi kuchagua. Ukivuna yote, mabichi yanaleta maji na ile asidi huru iliyogandisha chupa yangu. Kwa hiyo mtu hurudi kwenye mti uleule mara kadhaa, anachuma meusi, anayaanika, anayabangua, anapepeta. Mwenye vidole vyepesi hupata kilo mbili au tatu za mbegu kavu kwa saa. Kumbe lita moja ya mafuta ina saa mbili za mtu ndani yake kabla hata mashine haijazunguka. Bei ya mbegu, wakati wanunuzi walipokuwa wanapita vijijini kaskazini mwa Tanzania, ilikuwa kati ya shilingi 100 na 200 kwa kilo. Waliochuma walikuwa hasa wanawake na watoto, na walichuma kwenye ua wa nyumba, wakati ambapo hapakuwa na kazi nyingine. Mkulima aliyekaa na kupiga hesabu hakupanda shamba la mbono. Simlaumu.

Makampuni hayakuchuma kwenye nyua, yalitaka ardhi. Kilwa, kampuni ya Uholanzi ya BioShape ilipewa eneo la takriban hekta 34,000 kutoka vijiji vinne, Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti. Kisarawe, Sun Biofuels ya Uingereza ilipata hekta 8,211 kutoka ardhi ya vijiji 11, kwa mkataba wa miaka 99. Kwenye karatasi yaliitwa mapori yasiyotumika. Anayeijua Kilwa anajua pori hilo lina mpingo, lina asali, lina kuni, na mwaka wa njaa lina ming'oko ya kuchimba. Mmea usioliwa ulikuwa umekuja kukaa mahali panapoliwa.

Kufikia 2010 kazi ya Kilwa ilikuwa imesimama na kampuni mama imefilisika. Kisarawe ilifuata mwaka 2011, na vibarua mamia wakarudi nyumbani. Bei ya mafuta ilikuwa imeporomoka mwisho wa 2008 hadi chini ya dola 40 kwa pipa, mabenki yakafunga mifuko, na mibono yenyewe ilikuwa haijazaa. Lakini jambo zito zaidi ni la kisheria. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mgeni hawezi kumilikishwa ardhi ya kijiji ikiwa bado ni ya kijiji. Lazima kwanza ihamishwe na kuwa ardhi ya jumla. Mwekezaji akiondoka, ardhi haimfuati, na wala hairudi yenyewe kijijini. Mwanakijiji aliyeinua mkono mkutanoni akidhani anapangisha alikuwa anaaga. Katika mambo yote niliyosoma kuhusu mbono, hili ndilo linaloniudhi, kwa sababu lilijulikana siku ya kwanza na halikuhitaji utafiti wa udongo.

Waliobaki na mbono ni wale ambao hawakuutaka ufike Ulaya. Engaruka, wilayani Monduli, shirika la TaTEDO lilifunga injini ya aina ya Lister, nzito na polepole, inayovumilia mafuta mabichi ya mbono bila methanoli wala kostiki. Injini moja ilisaga, ilikoboa, ilichaji betri na kuwasha taa za maduka. Mbegu zikikosekana, ilikunywa dizeli na haikuwa na kinyongo. Na Kakute, kampuni ndogo ya Arusha, iliwafundisha wanawake wa Monduli kukamua mbono na kupika kwa makusudi kile nilichokipika mimi kwa bahati mbaya. Sabuni ya mbono ina sifa ya kutibu upele na ukurutu, na mtu huinunua kama dawa, kwa kipande. Lita ileile ya mafuta ikigeuzwa sabuni ilileta fedha nyingi kuliko ingeuzwa kama nishati. Kwenye tangi la gari mbono unashindana na visima vya Uarabuni. Bafuni unashindana na sabuni ya mche.

Nchini Kenya mambo yamechukua njia nyingine. Nanyuki, Eco Fuels Kenya ilianza mwaka 2012 kununua kokwa za mukinduri, mti ambao tayari umejaa mabomani na kandokando ya barabara za nyanda za juu. Hakuna aliyehamishwa, kwani kokwa huanguka zenyewe na watu huokota. Mafuta yanauzwa, na mashudu, ambayo kwa mbono ni hasara, hapa ni chakula cha kuku na mbolea. Mwaka 2022 kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu Makueni, mbarika ikiwa miongoni mwa mbegu zake kuu, na Oktoba mwaka huo shehena ya kwanza ya mafuta iliondoka bandari ya Mombasa kuelekea mtambo wa Gela, Sicily. Huko hawatumii kostiki, wanayabana mafuta kwa haidrojeni. Mafuta ya mbarika ni mazito mno kuwa biodizeli nzuri kwa njia yangu ya chupa, lakini haidrojeni haijali. Kwa mtu anayeikumbuka Kilwa, maswali ya kuuliza Makueni ni yaleyale: hekta inatoa kilo ngapi mvua ikikosekana, nani anachuma, na bei ya kilo inaandikwa na nani?

Ile lita yangu ya pili niliipeleka kwa fundi mwenye mashine ya kusaga karibu na nyumbani, injini ya Kichina ya silinda moja. Alinusa chupa, akasema inanukia maandazi. Tukamaliza dizeli iliyokuwa kwenye tangi, tukamimina ya kwangu. Ikawaka kwa mkono wa pili. Moshi ulipungua, mlio ukalainika kidogo, na gunia la mahindi la jirani likasagwa mpaka nusu hivi, kisha injini ikakata.

"Mwalimu, imetumia muda gani kuipika?" aliuliza fundi.

Nikahesabu pamoja na saa za mchumaji, nikamwambia siku mbili.

Akafuta mikono kwa kitambaa. "Na ile iliyoganda, unayo bado? Mama watoto anaiulizia. Mtoto ana upele."

Nikamwambia nimeitupa, ilikuwa na methanoli ndani. Akatikisa kichwa, akainua dumu la dizeli, akajaza tangi ili amalizie gunia.